Oltrarno: kuzunguka maduka ya mafundi wa Firenze bila kuuziwa mbuzi kwenye gunia

Firenze, mji ambao kwenye tiketi ya ndege huandikwa Florence, umekatwa vipande viwili na mto Arno. Kaskazini ndiko kuliko na kanisa kuu, makumbusho ya Uffizi na maduka ya majina makubwa yanayouza mikoba ile ile utakayoikuta Dubai. Kusini panaitwa Oltrarno, maana yake ng'ambo ya Arno, na huko duka la kweli ni karakana: meza ya kuuzia mbele, benchi la fundi nyuma, na harufu ya gundi au ngozi inayokupokea kabla ya mwenyeji. Mwongozo huu ni wa mtu mwenye siku moja nzima, anayetaka kununua kitu kilichotengenezwa pale pale na kukifikisha nyumbani kikiwa salama.

Ufundi haukufika huko kwa bahati. Katikati ya karne ya 16 familia ya Medici, watawala wa mji, iliinunua Palazzo Pitti na kuhamishia makao yake upande huu. Jumba la mtawala linataka fremu, viti, hariri, vyombo vya fedha, na watu wa kuvitengeneza kila vinapoharibika. Mafundi wakajaa katika vyumba vya chini vya vichochoro vinavyolizunguka, na baadhi ya vyumba hivyo bado vina benchi hadi leo.

Siku na saa

Hapa ndipo wengi wanapoharibu safari yao. Saa za kawaida zilizobandikwa mlangoni ni 10.00–13.00 na 15.30–19.30, yaani kwa saa zetu saa nne asubuhi hadi saa saba mchana, kisha saa tisa na nusu alasiri hadi saa moja na nusu jioni. Katikati fundi anakula na kupumzika. Usigonge mlango, na usidhani kafunga kabisa.

Siku nzuri ni Jumanne hadi Ijumaa. Jumatatu asubuhi maduka mengi hayafunguliwi, na Jumapili karakana karibu zote zimefungwa. Majira ya joto wengine hufunga Jumamosi alasiri pia. Agosti iepuke ukiweza: wiki zinazozunguka tarehe 15, sikukuu ya Ferragosto, mtaa mzima huenda likizo, na utabaki kusoma karatasi zilizoandikwa *chiuso per ferie*, yaani tumefunga kwa likizo. Ukikuta *torno subito*, narudi sasa hivi, zunguka dakika ishirini kisha rudi. Jumapili ya pili ya mwezi ina jambo lake: soko la vitu vya kale na kazi za mikono katika uwanja wa Santo Spirito.

Kama shida yako ni bei na si kuongea na mafundi, punguzo la msimu, *saldi*, huanza siku chache baada ya mwaka mpya na tena mwanzoni mwa Julai. Hilo ni la nguo na viatu vya dukani. Fundi anayetengeneza kidogo kidogo kwa kawaida hana mzigo wa msimu wa kupunguza bei.

Namba nyekundu na namba za bluu

Jambo hili peke yake litakuokolea saa nzima. Mitaa ya Firenze ina mifuatano miwili ya namba. Nyumba za kuishi zina namba za bluu au nyeusi. Maduka na karakana zina namba nyekundu, na zikiandikwa kwenye karatasi huongezwa herufi r, kifupi cha *rosso*, nyekundu. Hivyo 58 na 58r ni milango miwili tofauti kwenye mtaa mmoja, na huenda ikawa mbali sana. Ramani ya simu mara nyingine huipuuza r hiyo ikakupeleka kwenye mlango wa bibi wa watu. Ukifika mahali ukaona namba ndiyo lakini duka silo, usirudi nyuma wala usipige simu: angalia rangi ya namba, kisha fuata nyekundu peke yake. Mitaani nyekundu hizo zimechakaa, nyingine zimekuwa kama kahawia, kwa hiyo tazama kibao kwa karibu.

Ukiwa na gari la kukodi, liache nje ya mji. Katikati ni eneo la ZTL, yaani eneo lililozuiwa kwa magari yasiyo na kibali, lenye kamera zinazosoma namba za magari, na faini humfuata dereva kupitia kampuni ya gari miezi kadhaa baadaye. Kutoka uwanja wa ndege tramu ya T2 inakufikisha hadi kituo cha treni cha Santa Maria Novella, na kutoka hapo mtoni ni mwendo wa robo saa kwa mguu.

Njia ya mzunguko

Vuka kwa Ponte Santa Trinita, si kwa Ponte Vecchio. Ponte Vecchio imejaa sonara na umati, nayo inakumwaga via Guicciardini, mtaa wenye vibanda vingi vya zawadi za watalii. Majengo ya huko yanayoonekana mapya yana sababu: Agosti 1944 jeshi la Ujerumani, likirudi nyuma, lilibomoa madaraja yote ya mji isipokuwa Ponte Vecchio, na nyumba za kwenye miguu ya daraja hilo likaziangusha ili kuziba njia. Hata Santa Trinita unayoikanyaga ni daraja lililojengwa upya na kufunguliwa mwaka 1958.

Ukishuka darajani uko Piazza Frescobaldi. Mbele yako via Maggio inanyoosha kuelekea kusini. Huo ni mtaa wa wauza vitu vya kale, wenye vioo vikubwa na bei zisizoandikwa. Pita taratibu, tazama, halafu kata kushoto kuelekea Piazza della Passera, kiwanja kidogo sana kilichozungukwa na vichochoro. Hapo anza kazi. Ingia via Toscanella na vichochoro vya jirani ukichungulia milango iliyo wazi: warekebishaji wa samani, watu wa shaba, washona ngozi. Kisha tafuta Sdrucciolo de' Pitti, kichochoro cha mteremko kinachotoka mbele ya Palazzo Pitti. Karibu na jumba hilo ndiko walikojijengea jina Giulio Giannini & Figlio, wajalidi wa vitabu na watengeneza karatasi za mawimbi tangu 1856.

Sdrucciolo inavuka via Maggio na kuendelea kama via dei Michelozzi mpaka Piazza Santo Spirito. Kanisa lenye uso mtupu wa lipu ni kazi ya msanifu majengo Brunelleschi. Ndani ni zuri kuliko nje, na dakika kumi zinatosha. Uwanjani asubuhi kuna soko dogo. Hapa ndipo pa kusubiri saa za mchana zipite. Kahawa ya kusimama kaunta ni nafuu kuliko ya kukaa mezani, wakati mwingine mara mbili. Aliyezoea supu ya utumbo aulizie lampredotto, tumbo la nne la ng'ombe linalochemshwa na kuwekwa kwenye mkate.

Alasiri shika via Sant'Agostino, uvuke via de' Serragli, upite via Santa Monaca hadi Piazza del Carmine. Kutoka hapo panda Borgo San Frediano upande wa magharibi kuelekea lango la zamani la mji. Huu ndio upande uliobaki na wakazi wengi, na bei zake huwa za kiungwana. Karibu na Piazza del Tiratoio, jina linalotokana na mabanda ya kunyooshea na kukaushia vitambaa vya sufu, iko via Bartolini na kiwanda cha hariri cha Antico Setificio Fiorentino kilichoanza 1786. Huko wanafuma kwa mitambo ya zamani, na wana chombo cha kupanga nyuzi kilichoundwa kwa kufuata mchoro wa Leonardo da Vinci. Kutembelea ni kwa miadi, hivyo andika barua pepe kabla ya kusafiri.

Rudi mashariki kwa Borgo San Frediano, ambayo mbele inabadilika jina kuwa via Santo Spirito. Castorina, wachongaji wa mbao tangu 1895, na Angela Caputi, mbunifu wa vito vya resini, wamefanyia kazi mtaa huu. Mtaa unakurudisha Piazza Frescobaldi ulikoanzia. Mwendo wenyewe bila kusimama hauzidi saa moja. Ukisimama inavyotakiwa, ni siku nzima. San Niccolò, upande wa mashariki wa Ponte Vecchio, uweke siku ya pili. Huko ndiko iliko studio ya Clet Abraham, Mfaransa anayebandika michoro juu ya alama za barabarani.

Mlangoni

Salimia kwanza. *Buongiorno* hadi mchana, *buonasera* baadaye, na mlango wa karakana ukiwa nusu wazi sema *permesso?*, ambayo ni hodi yao hasa. Mwafrika Mashariki hana la kujifunza hapa: ukiingia bila hodi wanakuona huna adabu, sawa na kwetu. Usishike kitu kilicho kwenye benchi, kwani gundi au rangi inaweza kuwa mbichi. Picha huombwa: *posso fare una foto?* Wengine watakataa kwa sababu miundo yao huigwa.

Swali lenye thamani kuliko yote ni *lo fate voi, qui?*, mnakitengeneza ninyi, hapa? Fundi atakuonyesha kwa kidole benchi, kalibu, au kipande ambacho hakijaisha. Muuzaji wa mzigo atakujibu *Made in Italy*, jibu ambalo si la swali ulilouliza. Tazama pia mwenyewe: karakana ina vipande vya mabaki sakafuni, zana zilizolainika mipini, vitu vilivyoishia katikati. Ukiona mkoba mmoja katika rangi ishirini na hakuna hata mkasi, mzigo huo umeshushwa na lori.

Kukagua mali

Anza na karatasi za mawimbi, *carta marmorizzata*, kwa sababu ndizo zawadi nyepesi na ndizo zinazoigwa zaidi. Fundi anajaza sinia maji mazito yenye ute wa mwani. Anadondoshea rangi iliyochanganywa na nyongo ya ng'ombe. Nyongo ndiyo inayofanya tone litanuke juu ya maji badala ya kuzama. Anazivuta rangi kwa kijiti, halafu kwa kitana, mpaka zinakuwa kama manyoya ya tausi. Karatasi, ambayo kwa kawaida imepakwa maji ya shabu ili rangi ishike, inalazwa mara moja na kuinuliwa. Sinia limetoa rangi yake yote. Nakala ya pili hakuna.

Kwa hiyo kipimo ni rahisi. Weka karatasi mbili za muundo mmoja sambamba. Kama mkunjo fulani kwenye kona unarudi vile vile kwenye ya pili, zimechapwa mashineni. Ya mkono pia huwa na kasoro: kidoa cha duara palipobaki hewa, au ukingo usiojaa rangi. Karatasi za Firenze zenye maua na dhahabu ni za kuchapwa tangu asili yao, na si utapeli, mradi usilipe bei ya mkono.

Fremu na vitu vilivyopakwa dhahabu vinahitaji jicho kali zaidi. Upakaji wa kweli huanza na matabaka ya chokaa laini na gundi ya ngozi ya sungura, juu yake udongo mwekundu uitwao *bolo*, kisha majani ya dhahabu ya mraba wa sentimita 8, na mwisho kung'arishwa kwa jiwe la akiki. Geuza fremu kwenye mwanga: kila baada ya sentimita 8 hivi utaona mstari mwembamba pale jani lilipolalia jani jingine, na kwenye pembe zilizosuguliwa wekundu wa udongo unachungulia. Rangi ya unga wa shaba, *porporina*, haina mistari hiyo; ina alama za brashi, na baada ya miaka inageuka kahawia yenye ukijani. Hakuna wa kukuambia hivyo siku ya kununua.

Kwa ngozi, tafuta maneno *conciata al vegetale*, yaani iliyolainishwa kwa magome na mimea; viwanda vyake viko kati ya Firenze na Pisa, na bidhaa zenye cheti cha muungano wao huja na kadi yenye namba. Tazama ukingo uliokatwa: ngozi inaonyesha nyuzi zilizoshikamana, plastiki inaonyesha tabaka juu ya kitambaa. Bonyeza kwa gumba. Ngozi hufanya makunyanzi madogo kuzunguka kidole. Kiberiti kinachopitishwa haraka na muuzaji kuonyesha kuwa ngozi haiungui hakithibitishi kitu. *Vera pelle* ni ngozi halisi lakini haisemi ya daraja gani, na *rigenerato di fibre di cuoio* ni mabaki yaliyosagwa na kugandishwa kwa gundi. Kwenye viatu sheria ya Ulaya inadai michoro: umbo la ngozi iliyotandazwa ni ngozi, rombo tupu ni kitu kingine, na ngozi yenye rombo ndani yake ni ngozi iliyofunikwa tabaka.

Glavu zina desturi yake. Madova, via Guicciardini 1r, wanatengeneza glavu za ngozi tangu 1919, na hilo ndilo duka linalokupa sababu ya kuingia mtaa ule. Ukimnunulia ndugu aliyeko Toronto au Oslo, mwombe azungushie futi ya fundi kwenye kiganja chini ya vifundo, bila gumba, kwenye mkono anaoutumia zaidi. Inchi saba na nusu ni namba 7½.

Dhahabu na fedha ni jambo la kusoma muhuri. Dhahabu ya karati 18 ina 750 ndani ya rombo. Fedha ina 925 au 800 ndani ya duaradufu. Pembeni mwake kuna muhuri wa mtengenezaji: nyota, namba, na herufi za mkoa. FI ni Firenze, AR ni Arezzo. Kito kinachosifiwa kuwa cha fundi wa mtaani kikiwa na AR, kimeagizwa. Omba kioo cha kukuzia. Sonara mwaminifu anacho mkononi tayari.

Bei na malipo

Hapa si Kariakoo wala Gikomba. Bei ya karakana imepangwa kwa saa za kazi, na kuanza na nusu yake ni kumdharau fundi. Ukichukua vitu viwili au vitatu unaweza kusema *mi fa un piccolo sconto?* na kukubali jibu lolote. Kwa wauza vitu vya kale wa via Maggio mazungumzo ya bei ni ya kawaida. Kadi hupokelewa, na maduka yanalazimika kisheria kuipokea. Dai risiti, *scontrino*, uitunze: kitu kikiwa na kasoro ya utengenezaji una dhamana ya kisheria ya miaka miwili. Ukibadili tu mawazo, duka halilazimiki kukirudisha, kwa hiyo jaribu ukubwa pale pale. Nguo za kike namba 42 ya Italia ni 10 ya Uingereza, 44 ni 12.

Ukiagiza kitu kwa vipimo, *su misura*, soma neno lililoandikwa kwenye karatasi ya malipo ya awali. *Acconto* ni sehemu ya bei tu. *Caparra* ni rehani: ukijitoa unaipoteza, fundi akikosa kutimiza anakulipa mara mbili yake. Andikisha rangi, vipimo, tarehe na nani analipia usafirishaji. Viatu vya kupimwa huchukua miezi na huhitaji kujaribishwa zaidi ya mara moja, hivyo si kazi ya safari moja.

Mikoba bandia ya majina makubwa inayotandazwa chini karibu na madaraja iache. Italia humtoza faini mnunuzi pia, na inaweza kufika euro 7,000.

Kurudishiwa kodi

VAT ya Italia, IVA, ni asilimia 22 na imo ndani ya bei: kitu cha euro 122 kina 22 za kodi. Anayeishi nje ya Umoja wa Ulaya anaweza kurudishiwa sehemu yake akinunua zaidi ya euro 70 kwenye ankara moja. Kiwango hicho kimeshuka kutoka 154.94 tangu Februari 2024. Kinachoangaliwa ni makazi, si uraia. Mkenya anayeishi Hamburg hapati, anayeishi Mombasa, Muscat au London anapata.

Uliza kabla ya kulipa, kwa maana si kila duka hufanya, na toa pasipoti. Makampuni ya kati yanayoshughulikia marejesho yanakata ada yao, hivyo utapokea pungufu ya kodi yote. Kwenye uwanja wa ndege, nenda forodha kugongewa muhuri kabla ya kukabidhi begi, kitu kikiwa hakijatumika na kinaweza kuonyeshwa. Kosa la kawaida ni kukumbuka forodha begi likiwa limeshakwenda. Kama kitu kiko kwenye begi la mkononi na unabadilisha ndege Frankfurt au Amsterdam, muhuri wa forodha hupatikana kwenye uwanja huo wa mwisho wa Ulaya. Lazima uwe umetoka kabla ya mwezi wa tatu baada ya mwezi wa ununuzi kuisha.

Kufunga na kusafirisha

Kitu chenye zaidi ya miaka 70 kinahitaji karatasi za ofisi ya usafirishaji wa mali za kale. Mwachie muuzaji azishughulikie, na usilipe bei yote kabla hazijatoka. Ngozi ya chatu au mamba inahitaji hati za CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini kutoweka, la sivyo itabaki forodhani.

Karatasi za mawimbi ziviringishwe ndani ya mrija mgumu, uso wenye rangi ukitazama nje. Fremu ya dhahabu ifungwe kwanza kwa karatasi laini isiyo na asidi, ndipo plastiki ya mapovu. Plastiki ikigusa dhahabu moja kwa moja kwenye joto huacha alama za duara. Mwombe fundi akufungie kwa nguo au karatasi na si mifuko ya plastiki, kwani Kenya imepiga marufuku mifuko hiyo tangu Agosti 2017 na Tanzania tangu Juni 2019, na utaombwa uiache uwanjani.